Dawa Ikitoka Nje ya Mshipa

Ukikaa saa chache katika wodi ya hospitali yoyote kubwa, utasikia mtu akiita, "Sista, dripu imevimba." Jibu huwa jepesi. Dripu inafungwa, kanula inachomolewa, pamba inabandikwa kwa plasta, na mshipa mwingine unatafutwa. Kesho yake uvimbe umeshuka na hakuna anayeukumbuka. Kwa kuwa jambo hili huishia hapo mara nyingi, siku lisipoishia hapo huwakuta watu hawajui pa kuanzia. Maji ya chumvi yakimwagika chini ya ngozi, mwili huyanyonya. Doksorubisini ikimwagika pale pale, hata mililita chache tu, ngozi inaweza kufa, kano zikabaki wazi, na mama aliyekuja kutibiwa saratani ya titi akarudi kwao na mkono usioweza kufunga kifungo cha nguo.

Vitabu vya tiba huliweka tatizo hili katika sura ya saratani, na ndiko wengi wanakolisoma. Nadhani kasoro inaanzia hapo. Wodi ya saratani ina wauguzi waliofunzwa kuziogopa dawa zao, na zenye uwezo zina hata sanduku la vifaa vya dharura kwa ajili ya ajali hii. Hofu hiyo haipo wodi ya watoto, ambako dekstrosi ya asilimia 50 hutolewa usiku wa manane kwa mtoto mwenye malaria kali. Haipo chumba cha vichanga, ambako kalsiamu glukoneti hupitishwa kwenye mshipa ambao muuguzi ameupata kwa kubahatisha. Haipo kwa mgonjwa wa degedege anayesukumiwa fenitoini huku watu watatu wamemshika. Dawa hizi za kila siku zinaunguza nyama pia, na mtu anayezitoa hajawahi kuambiwa hivyo.

Njia za kuunguza hazifanani, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba, kwa hiyo inafaa kuielewa kabla ya kuzungumzia dawa za kutuliza. Kuna dawa zinazoumiza kwa uzito wake. Dekstrosi ya asilimia 50 ina mkusanyiko wa chembe unaokaribia mara tisa ya ule wa damu. Ndani ya mshipa mkubwa huchanganyika na damu na kupoteza ukali wake. Nje ya mshipa huvuta maji kutoka ndani ya seli hadi seli zikanyauka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huelekeza mtoto aliyeshukiwa na sukari apewe dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito. Palipo na chupa ya asilimia 50 peke yake, sehemu moja huchanganywa na sehemu nne za maji safi ya sindano. Hatua hiyo moja ya kuchanganya huokoa mikono mingi kuliko dawa yoyote nitakayoitaja hapa chini, na ndiyo hurukwa pale wodi inapokuwa na watu wengi na taa ni moja.

Nyingine huumiza kwa ukali wa kemikali. Fenitoini ya sindano huyeyushwa katika mchanganyiko wenye pH ya takriban 12, wakati damu ni 7.4, na katika kipimo hicho kila namba moja ni mara kumi. Asiklovia ya mshipa haiko mbali nayo. Mkono uliopata fenitoini nje ya mshipa, na wakati mwingine hata ule ambao hakuna aliyeona dawa ikivuja, unaweza kugeuka zambarau, ukavimba na kuuma kwa siku kadhaa. Kundi jingine ni dawa za kupandisha presha: adrenalini, noradrenalini, dopamini. Hizi hazichomi chochote. Zinafunga mishipa midogo ya damu mahali zilipomwagikia, na ngozi ya hapo hufa kwa kukosa hewa, ikianza kwa kupauka na kuwa ya baridi. Halafu kuna shinikizo tupu. Pampu ikiendelea kusukuma maji yasiyo na sumu yoyote ndani ya kigasha, misuli iliyofungwa ndani ya utando wake hukosa nafasi, damu haipiti, na hapo hakuna cha kusubiri: daktari wa upasuaji anapaswa kuupasua utando huo siku hiyo hiyo.

Dawa za saratani zinakuja mwisho kwenye orodha yangu kwa makusudi, ingawa ndizo zenye hadithi ndefu zaidi. Doksorubisini ilitokana na kijidudu cha udongo uliochukuliwa karibu na ngome ya Castel del Monte, upande wa Italia unaotazama bahari ya Adriatic, na jina la biashara la Adriamycin lilitoka kwenye bahari hiyo. Marekani iliiruhusu mwaka 1974. Ni nyekundu, na wagonjwa wa nchi nyingi wameipa majina ya shetani. Ubaya wake wa pekee ni kwamba hujishika kwenye DNA. Seli iliyoimeza hufa, inapasuka, dawa inatoka ikiwa bado nzima, na seli jirani inaimeza. Kwa hiyo kidonda chake huendelea kupanuka kwa wiki na miezi baada ya siku ya ajali, kikienda chini na pembeni, na mara nyingi siku ya kwanza hakuna cha kuona zaidi ya wekundu au uvimbe mdogo.

Vinkristini ni kinyume chake. Asili yake ni ua dogo la waridi au jeupe lenye kitovu cha rangi nyingine, lililotoka Bukini na sasa linaota kwenye mchanga na kwenye makopo ya maua pwani yetu yote. Ndiyo dawa ya mtoto mwenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958, ya mtoto mwenye saratani ya figo, na ya mtoto mwenye saratani ya jicho. Ikimwagika inauma sana na inaweza kuacha malengelenge na kidonda. Lakini haing'ang'anii kwenye DNA. Mwili huivunjavunja na kuiondoa, na jeraha lake hufika mahali likasimama.

Kutokana na tofauti hiyo linakuja swali ambalo huwagawanya hata wauguzi wazoefu: barafu au joto? Kwa doksorubisini na ndugu zake ni barafu, dakika 15 hadi 20 kila mara, mara kadhaa kwa siku, siku ya kwanza na ya pili. Baridi hufinya mishipa midogo, dawa ikabaki mahali padogo, na seli zikaimeza polepole. Kwa vinkristini ni joto la wastani, ili dawa isambae na mwili uiondoe. Panya wa maabara waliofanyiwa majaribio walionyesha kwamba ukikosea upande unazidisha kidonda: joto huongeza madhara ya doksorubisini, na baridi huongeza ya vinkristini. Dawa za kupandisha presha nazo hazitaki baridi kabisa, maana mishipa imeshafinywa vya kutosha.

Hapa ndipo mila yetu ya kuuguza inapogongana na kemia. Kiungo kikivimba, mtu wa kwetu hukikanda. Maji ya moto, kitambaa, chumvi kidogo, na mkono wa mama unaosukuma uvimbe kutoka kwenye kiwiko kwenda kwenye vidole. Kwa mguu ulioteguka hakuna ubaya mkubwa. Kwa mkono uliomwagikiwa na dawa nyekundu, kukanda ni kuifungulia dawa njia ya kwenda mbali, kwa joto na kwa nguvu. Mgonjwa anayerudi nyumbani bila kuambiwa kwa maneno ya wazi "usikande, usichue, usifunge kitambaa cha kubana" atakandwa jioni hiyo hiyo, na aliyemkanda hatakuwa na kosa. Sijawahi kuona karatasi ya maelekezo ya mgonjwa iliyotafsiriwa kutoka ng'ambo ikilitaja jambo hili, kwa sababu aliyeiandika hakujua kwamba kuna kitu kinaitwa kukanda.

Lakini kabla ya barafu na joto kuna dakika tano za mwanzo, na mambo yake hayahitaji fedha. Dawa isimamishwe mara moja. Kanula isichomolewe. Hili la pili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mkono wa muuguzi umezoea kuchomoa. Kanula iliyo mahali pabaya ndiyo mlango pekee wa kuitoa dawa iliyokwenda pabaya: fungua mrija, unganisha bomba la sindano tupu, vuta polepole chochote kinachovutika, hata ikiwa ni matone. Usisukume maji ya chumvi "kusafisha", maana unaisogeza dawa mbele. Ukishavuta, ndipo uchomoe, bila kugandamiza. Chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu na uandike saa. Piga picha kama mgonjwa ameridhia. Inua mkono. Halafu ita mtu mwenye mamlaka ya kuamua kinachofuata, na uandike jina la dawa, kiasi kilichokadiriwa kumwagika, na mahali kwenye mwili.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya dawa za kuzuia madhara yanaanza, na hapa msomaji anastahili kuambiwa ukweli kwamba msingi wake ni mwembamba. Hakuna daktari anayeweza kumwaga doksorubisini chini ya ngozi za wagonjwa mia, nusu awape dawa na nusu awaache, ili alinganishe. Kwa hiyo tunategemea panya, nguruwe, na wagonjwa walioumia kwa ajali. Deksrazoksani ndiyo yenye ushahidi bora. Utafiti wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2007, uliwachukua wagonjwa ambao kipande cha ngozi yao kilithibitisha kwamba dawa ya kundi la doksorubisini ilikuwa imemwagika kweli. Kati ya wagonjwa 54 waliohesabiwa, mmoja tu ndiye aliyehitaji kupasuliwa. Dawa hiyo hutolewa kwa dripu siku tatu mfululizo, kwenye mkono mwingine, na dozi ya kwanza lazima ianze ndani ya saa sita. Barafu huondolewa angalau dakika 15 kabla, ili damu irudi na kuifikisha dawa kwenye jeraha. Ni ghali, na hospitali inayoinunua inanunua kitu inachoomba kisije kikatumika hadi kinapoisha muda.

Kwa wasio na uwezo huo kuna DMSO, kimiminika cha bei nafuu kinachopakwa juu ya ngozi kila baada ya saa nane kwa wiki moja na kuachwa kikauke bila kufunikwa. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari na wauguzi wa saratani wa Ulaya wa mwaka 2012 unaitambua, na unaonya isichanganywe na deksrazoksani. Ushahidi wake ni dhaifu zaidi. Hata hivyo, nikipewa chaguo kati ya chupa ya DMSO iliyopo kabatini na deksrazoksani iliyoandikwa kwenye mwongozo lakini haipo nchini, najua nitakayoichagua.

Hayaluronidezi ni jambo jingine, na naona haijapewa heshima inayostahili. Ni kimeng'enya kinacholegeza gundi iliyo kati ya seli, ili kilichomwagika kisambae na kunyonywa. Huchomwa kwa sindano ndogo kuzunguka uvimbe. Inatumika kwa vinkristini, lakini pia kwa dekstrosi nzito, kalsiamu na chakula cha mishipa cha vichanga, yaani kwa zile dawa za kila siku ambazo nimesema hazina anayeziogopa. Kwa dawa za kupandisha presha kuna fentolamini, miligramu 5 hadi 10 katika mililita 10 za maji ya chumvi, ikichomwa ndani ya saa 12 kwenye eneo lililopauka. Ikifanya kazi, rangi hurudi mbele ya macho yako. Mahali isipopatikana, mafuta ya nitrogliserini au sindano ya tebutalini hutumika badala yake.

Zipo pia tiba zilizostaafishwa ambazo bado zinaishi kwenye madaftari ya zamani. Sindano za steroidi kuzunguka kidonda zilikuwa za kawaida kwa miaka mingi, lakini uvimbe wa doksorubisini hautokani na mzio wala mcharuko, kwa hiyo zinapunguza wekundu bila kuzuia ngozi kufa. Sodiamu baikaboneti nayo iliwahi kupendekezwa. Yenyewe ikimwagika inaunguza.

Njia ninayoiona inafaa mazingira yetu zaidi ya zinavyoifikiria hospitali nyingi ni ile ya kuosha. Mwaka 1993 daktari wa upasuaji rekebishi wa Uingereza, D. T. Gault, alichapisha uzoefu wake wa wagonjwa 96. Waliofikishwa kwake mapema, ndani ya saa 24, walioshwa: eneo hutiwa ganzi na hayaluronidezi, hutobolewa matundu madogo kuzunguka, kisha maji ya chumvi hupitishwa kwa wingi, takriban nusu lita, yakiingia tundu moja na kutokea mengine. Wengi wa waliotibiwa hivyo walipona bila kupoteza ngozi yoyote. Si ushahidi wa kulinganisha, na waliotafuta majaribio rasmi ya njia hiyo kwa vichanga hawakupata hata moja. Lakini tazama vifaa vyake: kisu kidogo, ganzi, chupa ya maji ya chumvi, mikono safi. Kila hospitali ya wilaya yenye chumba cha upasuaji inavyo. Kinachokosekana ni mtu anayejua kwamba mtoto mwenye mkono uliojaa kalsiamu aletwe hapo asubuhi hii, si baada ya ngozi kugeuka nyeusi.

Sasa turudi kwa vichanga, kwa sababu ndiko hesabu ilikofanywa vizuri. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2004 kuhusu wodi za vichanga ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliolazwa, 38 walipata jeraha la kuvuja lililoua ngozi, wengi wao wakiwa watoto njiti waliozaliwa na wiki 26 au pungufu. Hizo ni wodi zenye wauguzi wa kutosha na pampu zenye kengele. Kengele ya pampu hupiga shinikizo likipanda; nyama ya kichanga ni laini mno, inapokea dawa bila kuleta ubishi wowote, na pampu inanyamaza. Anayelia ni mtoto, ambaye hulia kwa mambo mengi.

Katika wodi zetu mkono wa mtoto hufungwa kwenye ubao uliokatwa kutoka boksi la glavu, kisha bandeji inazungushwa mara tatu ili asing'oe kanula. Ubunifu huo nausifu. Bila boksi la glavu kanula isingedumu saa moja. Ila bandeji ikifunika mahali sindano ilipoingia, hakuna atakayeona uvimbe mpaka uvuke bandeji. Kuacha dirisha juu ya kanula, kwa plasta angavu au kwa kufunga tu juu na chini yake, hakuongezi gharama ya kuhesabika. Mama aliyekaa kando ya kitanda aonyeshwe mahali hapo na aambiwe atazame nini: mkono huu ulinganishe na ule. Yeye yupo saa 24, muuguzi ana watoto thelathini.

Atazame nini hasa? Vitabu husema wekundu. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani au huonekana kama kiza kidogo tu, na kupauka kwa dopamini kunaweza kuonekana kama ukijivu. Ishara za kuaminika si za rangi: ngozi iliyokaza na kung'aa, ubaridi au joto lisilolingana na mkono wa pili, dripu iliyopunguza kasi bila mtu kuigusa, na maumivu. Damu kurudi kwenye mrija ukivuta hakuthibitishi usalama. Ncha ya kanula inaweza kuwa nusu ndani nusu nje, damu ikarudi na dawa ikavuja wakati huo huo.

Maumivu yana tatizo lake la peke yake. Mgonjwa wa saratani ameshaambiwa na kila mtu kwamba tiba hii ni kali, avumilie. Akihisi moto mkononi anadhani ndiyo dawa yenyewe inafanya kazi. Nimewasikia wagonjwa wakijisifu kwamba hawakusema kitu. Muuguzi mwenye busara humwambia kabla hajafungua mrija: "Mama, dawa hii haitakiwi kuuma mkononi. Ukihisi kuungua, hata kidogo, niite, na usione haya." Sentensi hiyo fupi huondoa heshima iliyowekwa mahali pasipofaa.

Kuchagua mshipa ni somo refu ambalo nitaligusa tu. Kigasha ni bora kuliko mgongo wa kiganja, kifundo cha mkono au kunjo la kiwiko, kwa sababu kwenye maungio kuna kano na neva chini ya ngozi nyembamba, na kovu la hapo hula utendaji wa mkono mzima. Kanula mpya ya leo ni salama kuliko ya jana iliyoonekana bado nzuri. Mkono wa upande wa titi lililoondolewa uachwe. Na mtu ambaye mishipa yake imekwisha kwa mizunguko mingi ya tibakemikali anahitaji katheta ya mshipa mkubwa, ambayo nayo inaweza kuvuja, lakini kifuani, mahali ambapo uvimbe huchelewa zaidi kuonekana.

Wakati mwingine hatari mbili huvutana, na anayeandika mwongozo inabidi achague. Vinkristini ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo huua karibu kila mara. Ili kuzuia hilo, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2007 kwamba dawa hiyo iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano, kwa sababu hakuna anayeweza kuchanganya mfuko na sindano ya mgongoni. Wauguzi wengi walipinga: bomba la sindano unalishika mkononi na unaona mara moja likikataa, mfuko unavuja wewe ukiwa kitanda cha pili. Hoja yao ilikuwa ya kweli, lakini mizani haiko sawa. Jeraha la mkono linatibika. Mfuko hutiririshwa kwa dakika chache na muuguzi akabaki palepale, basi. Vivyo hivyo kwa dawa za kupandisha presha: miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 kuhusu maambukizi ya damu inakubali zianzishwe kwenye mshipa wa mkono, kwa muda mfupi na kwenye kiwiko au juu yake, kuliko kumwacha mgonjwa afe akisubiri katheta kubwa. Ni uamuzi sahihi. Unahitaji tu mtu wa kuuangalia mkono huo.

Kuna kesi ya Marekani ambayo kila mfamasia anafaa kuijua. Mwaka 2000 mwanamuziki wa jimbo la Vermont alikwenda kliniki akiwa na kipandauso na kichefuchefu. Alipewa prometazini, dawa ambayo kwetu iko kwenye kabati la kila zahanati, kwa kusukumwa moja kwa moja mshipani. Iliingia kwenye ateri, ama kwa sindano kupotea njia au kwa kuvuja pembeni, ikaleta uozo, na mkono ukakatwa hadi kwenye kigasha. Kesi yake dhidi ya kampuni ya Wyeth ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na Machi 2009 majaji sita dhidi ya watatu walimpa haki. Mabishano ya kisheria yalihusu maandishi ya onyo kwenye dawa. Mimi kinachonigusa ni kwamba ilikuwa dawa ya kichefuchefu, ambayo ingeweza kuchomwa kwenye msuli au kuchanganywa kwenye dripu inayotiririka, na aliyeitoa hakuwa katika wodi yenye sanduku la dharura.

Ufuatiliaji ndio sehemu iliyoachwa wazi kabisa. Mzunguko wa kawaida wa doksorubisini ni siku 21. Mgonjwa humwagikiwa dawa kidogo leo, mkono unauma kiasi, anapanda basi kwenda Singida au Songea, na kadi yake inasema arudi baada ya wiki tatu. Kidonda cha dawa hii hujitokeza katika wiki ya kwanza au ya pili. Anaporudi, muda wa deksrazoksani, wa kuosha na wa DMSO umekwisha wote. Kilichobaki ni kukata nyama iliyokufa hadi kufikia nzima, na kupandikiza ngozi. Na tibakemikali yenyewe husimama kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mkono unaharibu pia matibabu ya titi. Aliyemwagikiwa aonekane kesho yake, aonekane tena siku ya saba, hata kama ni mganga wa kituo cha karibu na kwao anayemtazama na kutuma picha kwa simu. Wengi tayari wana simu za kupiga picha hizo.

Hatuwezi kujua ni wangapi wanaoumia hivi, maana tukio huandikwa "kanula imebadilishwa" na zamu ikaendelea. Aliyeshika sindano ndiye anayelaumiwa, kwa hiyo halisemi. Asiposema, hakuna anayetibiwa ndani ya saa sita. Hospitali inayotaka kutibu majeraha haya itaanza kwa kuondoa adhabu kwa anayeripoti mapema na kuiacha kwa anayeficha.

Kama ningepewa bajeti ndogo ya hospitali ya mkoa, ningenunua hayaluronidezi kabla ya deksrazoksani, kwa sababu watoto wa dekstrosi na kalsiamu ni wengi kuliko wagonjwa wa dawa nyekundu, na ningeiweka wodi ya watoto badala ya stoo. Deksrazoksani ningeiacha kwenye vituo vinavyotoa doksorubisini kila siku, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando huko Mwanza na KCMC huko Moshi. Dawa yenye ukomo wa saa sita haiwezi kusafiri kwa basi kumfuata mgonjwa Kigoma. Kituo kidogo kinachotaka kuanza kutoa doksorubisini karibu na watu, na ni jambo jema kutaka hivyo, kiwe kwanza na chupa ya DMSO, jokofu lenye barafu, na namba ya daktari wa upasuaji anayepokea simu usiku.